Bucha Lililobebwa Zima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Boke alisimama nje ya bucha la baba yake, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi, ndipo akaingia. Kazi yake ilikuwa kufagia, kukwangua mafuta yaliyoganda juu ya gogo la kukatia nyama, na kufukuza inzi ambao hawakuwa na mpango wowote wa kuondoka. Pumzi ikimwishia alitoka nje, akavuta nyingine, akarudi ndani. Wenzake wa darasa la sita walipenda kukaa mbali naye kidogo saa za asubuhi. Hakuwalaumu, maana hata yeye, kama angeweza kukaa mbali na nafsi yake, angefanya hivyo.

Bucha lilikuwa kibanda cha mbao na mabati pale Nyakunguru, mkoani Mara, jirani na mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Simioni, baba yake, alilijenga kwa mikono yake mwenyewe. Paa lilikuwa na upenu mpana pande zote ili nyama isipigwe jua. Kwenye kuta mbili za ubavuni alichomeka nondo zilizotokeza nje, na kwenye nondo hizo kulikuwa na kulabu za kutundikia mapaja ya ng'ombe, ili mtu ayaone akiwa bado mbali na mate yaanze kumtoka. Wachimbaji waliotoka Geita, Kahama na Kagera walipanga foleni hapo kila jioni, wakatazama mapaja, wakatazama mizani, wakaondoka na vifuko vyao.

Hakuna aliyetazama sakafu. Ilikuwa ya mbao za tabaka mbili zenye uwazi katikati, na ndiyo iliyomtia Boke kinyaa kuliko kitu kingine chochote. Damu na maji ya nyama vilichuruzika kwenye nyufa, vikaingia kwenye uwazi huo, vikakaa humo. Tangu bucha lijengwe hakuna ubao uliowahi kuinuliwa. Siku za joto uvundo ulipanda kutoka humo mpaka ukaukuta mdomoni, na ukisimama kimya ulisikia kitu kikitembea. Siku moja Boke alimuuliza baba yake kwa nini wasizing'oe zile mbao wakasafisha. Simioni alimjibu bila kuinua macho kwamba mteja hali sakafu.

Kisha dhahabu ikahama, au ndivyo watu walivyosema. Habari zilienea kwamba mashimo mapya yamefunguliwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Busawe, wilaya ya Serengeti. Wachimbaji walifungasha, na mchimbaji akihama, supu inahama, nyama inahama, na kinyozi naye anabeba kiti chake. Watu wa mashimoni wamezoea kuhama. Kibanda kinafunguliwa asubuhi, mabati yanafungwa peke yake na mbao peke yake, vinapakiwa kwenye lori, na kesho yake kimesimama kwingine. Majirani walikuja na nyundo zao kumsaidia Simioni kubomoa.

Simioni akawakatalia. Alisema bucha lake litakwenda zima, lisimamishwe huko na kesho yake lifanye kazi, kwa nini apoteze muda kung'oa misumari. Majirani walicheka, wakarudi na nyundo zao. Boke peke yake ndiye aliyeelewa. Kulifungua bucha ni kuifungua sakafu, na wateja wote waliokula nyama ya pale wangekuwa wamesimama wanaangalia. Baba yake alikuwa radhi kukokota nyumba nzima barabarani kuliko kuinua ubao mmoja mbele ya watu. Boke alijisikia vibaya kwa kuelewa jambo hilo, maana ilikuwa ni aibu ya baba yake.

Jumamosi asubuhi akaja Ngeleja, kijana wa Kahama, na trekta lake likikokota tela. Ngeleja alijulikana kwa kusema kwamba hakuna kitu ambacho trekta lake limewahi kushindwa kuvuta. Simioni alichukua kamba ya kufungia ng'ombe, akapima sakafu ya bucha, akapima na tela. Sakafu ilizidi kidogo huku na kidogo kule. Ngeleja alitikisa kichwa, akasema huo si mzigo wa kuumiza kichwa. Hakuna kati yao aliyeinua kamba juu akapima upenu, wala kulabu zile zilizotokeza nje. Simioni alikuwa fundi wa nyumba kabla hajawa muuza nyama, na fundi wa nyumba hupima msingi. Alisahau kwamba nyumba haikutani na mtu njiani.

Vijana wa jirani walilibeba bucha kwa magogo, wakalipandisha juu ya tela, likafungwa kwa minyororo. Kulabu ziliachwa pale pale kwa sababu kutu ilikuwa imezikamata. Ndipo Ngeleja akakumbuka kwamba mzigo uliozidi unatakiwa kufungwa vitambaa vyekundu kwenye pembe za nyuma, ili watu wauone.

Simioni aliangaza huku na huku. Akachomoa kwenye msumari tambara la kufutia gogo, lililokuwa jeupe zamani sana, akalichana vipande viwili, akampa Boke afunge.

"Tata, hili siyo jekundu," Boke alimwambia baba yake. "Ni la kahawia."

"Kwani damu ina rangi gani?"

Boke alilishika kwa ncha za vidole. Lilikuwa gumu kama ngozi iliyokauka, na inzi walihama nalo kutoka ndani mpaka kwenye tela bila hata mmoja kubaki nyuma. Akafunga vipande viwili, kila pembe kimoja, kisha akaenda kunawa mikono kwa mchanga kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Hata mtu mwenye macho mazuri asingejua kwamba yale ni matambara ya onyo. Yalionekana kuwa uchafu tu ulionasa kwenye tela.

Halafu Simioni akamwambia apande akae ndani ya bucha, ashikilie gogo lisije likabingirika likavunja ukuta. Yeye mwenyewe alikaa juu ya bawa la gurudumu la trekta, pembeni mwa Ngeleja, kwenye hewa safi.

Safari ilianza kwa barabara ya vumbi. Ubao mmoja wa ukuta wa nyuma ulikuwa umeng'oka, na kwenye uwazi huo Boke aliweka pua na macho, akaona dunia ikirudi nyuma. Aliona mwenye baiskeli ya mkaa akiwa amejibanza ndani ya mahindi. Aliona watoto waliokuwa wametoka kisimani wamesimama kwenye miba, ndoo zimemwagika nusu. Ngeleja alipiga honi kabla hajawafikia na kicheko baada ya kuwapita. Simioni naye alicheka, akisema watu wa huku wana adabu, wanapisha wenyewe. Boke alitamani kuwaambia wale watoto kwamba yeye hakucheka.

Wakaingia kwenye kipande cha lami. Hapo kila kitu kilionekana waziwazi, kwa sababu lami ilikuwa mpya na imechorwa mistari: mweupe katikati, na mwingine kila ukingo. Kwa kawaida gari likikaa upande wake, mistari hiyo hubaki nje, mmoja kulia na mmoja kushoto. Boke alipochungulia aliona mstari wa katikati ukitokea chini ya bucha, ndani kabisa ya upenu wa kulia. Akatazama kushoto, akaona upenu wa huko na kulabu zake vinaning'inia kupita ukingo wa lami, juu ya ile njia ya vumbi wanakopita watu wa miguu na wa baiskeli. Bucha lilikuwa limekula upande wake wote, likamega upande wa wanaokuja, na bado likachukua mahali pa wasio na gari.

Katika njia hiyo ya vumbi, mbele yao, alikuwa anakwenda Specioza. Wachimbaji wote walimwita Mama Supu. Alikuwa mwanamke wa Karagwe aliyepika supu ya utumbo pale Nyakunguru, na hapakupita asubuhi bila yeye kuja kwa Simioni kununua matumbo na makongoro, akimtania Boke kwamba atamwoza kwa mchimbaji mwenye bahati. Siku hiyo naye alikuwa anahamia Busawe, baiskeli mkononi na masufuria yake yamefungwa nyuma.

Boke hakumwona kabla. Alichosikia ni honi ndefu ya fuso lililotoka mbele. Ngeleja, badala ya kupunguza mwendo, alikata kushoto kulipisha, na bucha zima likayumba kushoto pamoja naye. Kulabu ziligonga kitu, bati likalia, kisha kwenye uwazi wa nyuma Boke akaona sufuria linabingirika juu ya lami. Akaona gurudumu la baiskeli linazunguka hewani. Chini kwenye mtaro alikuwa amelala Mama Supu. Alijiinua kwa mkono mmoja, mkono ukakataa, akaanguka tena. Barabara ikapinda, na kona ikamfunika.

Boke alipiga bati kwa ngumi zote mbili mpaka trekta likapunguza mwendo. Alipaza sauti kwamba wamemwangusha Mama Supu na hajainuka. Simioni aligeuka kutazama nyuma, lakini nyuma kulikuwa na kona na mahindi tu.

"Ameinuka," Ngeleja alisema. "Nimemwona kwenye kioo."

"Umesikia, Boke? Ameinuka," Simioni alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa maji akiwa na kiu. "Tulia ushike gogo."

Trekta la Ngeleja halikuwa na kioo hata kimoja. Boke alilijua hilo, na baba yake aliyekuwa amekaa juu yake alilijua zaidi. Gogo lilibingirika likamgusa mguu, akalisukuma pembeni. Alijaribu kufikiri kwamba huenda macho yake yamekosea. Kila alipojaribu aliuona ule mkono unakataa.

Walivuka daraja la Mto Mara taratibu, magari ya ng'ambo yakisubiri na kupiga honi. Wakapanda kilima. Huko juu walikuta ng'ombe wanavuka barabara, na nyuma yao anakuja bibi mmoja mwembamba aliyevaa shuka jekundu, fimbo mkononi. Ngeleja alipiga honi, akajaribu kupenya pembeni. Kulabu ya mwisho ikamkwaruza fahali mmoja mweusi ubavuni, mstari mwembamba wa damu ukatokea, fahali akanguruma.

Trekta lilisimama hapo hapo. Simioni aliruka chini kabla hata halijatulia, kofia ameivua. Alimwamkia bibi, akamwomba radhi, akamwomba tena. Ngeleja, ambaye hakuzaliwa Mara lakini alikuwa ameshafundishwa ng'ombe wa Mara ni nini, alivua shati lake na kuanza kumfuta fahali damu polepole, akimbembeleza kwa maneno matamu. Simioni aliinama kuangalia kidonda, akakipuliza. Wanaume wawili wazima walikuwa wanampuliza ng'ombe mkwaruzo ambao hata paka angeulamba na kuusahau.

Boke aliwatazama kupitia ule uwazi. Akatambaa nje, akashuka, akashika gurudumu la tela, akatapika. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Mtoto huyu anaumwa?" aliuliza bibi. Jina lake lilikuwa Mokami, na ng'ombe wote wale walikuwa mali yake.

"Shikamoo, bibi. Siumwi," Boke alisema. "Nimechefukwa na hawa. Ng'ombe wako amekwaruzwa, wamesimama. Kule nyuma tumemwangusha Mama Supu mtaroni, hajainuka, na hatukusimama."

Mkono wa Ngeleja uliganda juu ya mgongo wa fahali. Simioni alicheka kidogo, akaeleza kwamba mtoto hakuona vizuri kwa sababu ya kona, kwamba yule mama aliinuka mwenyewe, kwamba dereva alimwona kwenye kioo. Bibi Mokami alilizunguka trekta, polepole, akiangalia juu na chini, upande wa kulia na wa kushoto. Akarudi pale alipoanzia.

"Mura, kijana, kioo kiko wapi?" alimuuliza Ngeleja.

Ngeleja alianza kuvaa shati lake lenye damu. Alilivaa nje ndani na hakugundua.

Bibi Mokami alisema kwamba fahali huyo ameshapigana na wenzake akapata makubwa kuliko hayo, na kesho atakuwa amesahau. Hataki kusikia tena habari za ng'ombe. Anachotaka ni wao warudi walikomwacha mtu. Simioni alianza kusema kwamba wamechelewa, kwamba watu wa Busawe wanamsubiri. Bibi alipiga mluzi mmoja, na ng'ombe waliokuwa wamekaribia kumaliza kuvuka wakarudi, wakajaa juu ya lami kutoka ukingo hadi ukingo, wakatulia.

"Hawatoki hapa mpaka umrudie yule mama," alisema. "Wewe si umezoea kujaza barabara? Na mimi najaza."

Nyuma ya trekta kulikuwa na pikapu iliyozuiwa, nyuma tupu. Dereva wake alikuwa amesikia yote, na alimtazama Simioni kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya. Alimwambia apande na mtoto, akageuza gari.

Walimkuta Specioza pale pale. Alikuwa amejivuta mpaka kwenye kalavati, akaegemea ukuta, mkono wake umefungwa kwa kitambaa cha kichwa kilicholowa damu, na inzi walishaanza kazi yao. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba. Unga wake na vitunguu vyake vilikuwa ndani ya tope la mtaro. Boke aliteremka kwanza, akafukuza inzi, akamshika mkono ule mzima. Ulikuwa wa baridi.

Simioni alisimama ukingoni mwa mtaro.

"Nilijua mtarudi," Specioza alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nikajiambia, Simioni hakusikia. Angesikia angesimama."

Hapo Simioni alipewa uongo mzuri, umeshapikwa na kupakuliwa, alichobakiza ni kula tu. Alimtazama binti yake. Boke alimtazama naye, na hakumsaidia.

"Tulisikia, mama," alisema Simioni. "Boke alipiga bati. Tulisikia tukaenda."

Specioza alimgeuzia kisogo, akamwegemea Boke, na njia nzima hakumtazama tena Simioni.

Kwenye zahanati nesi alikifungua kile kitambaa, akauliza mama amekatwa na nini. Simioni alisema ni chuma. Nesi akauliza chuma gani, cha wapi, maana dawa ya kidonda inategemea kilichokata. Simioni akasema ni kulabu ya kutundikia nyama, ina kutu, na haijaoshwa tangu aichomeke ukutani. Nesi alikunja uso kana kwamba mtu amemletea kulabu yenyewe chini ya pua. Alikisafisha kidonda kwa muda mrefu, akakishona, akamchoma Specioza sindano ya pepopunda. Kisha akasema kwamba kidonda kama hicho, kwa uchafu ule, kingelala mtaroni na inzi mpaka kesho, mtu angeweza kuukosa mkono. Mguu ulikuwa umeteguka tu. Simioni alisikiliza yote amesimama, kofia mkononi, kama alivyokuwa amesimama mbele ya ng'ombe.

Simioni na Boke walipomwacha Specioza zahanati na kurudi kilimani, Bibi Mokami alikuwa ameshawaondoa ng'ombe, na trekta limesogezwa kwenye uwanja mpana kando ya barabara. Alimtuma Boke achukue ile kamba ya kupimia. Boke aliilaza juu ya lami, kutoka mstari wa ukingoni hadi mstari wa katikati, akapiga fundo pale ilipofika. Hiyo ndiyo nafasi ambayo kila chombo kimepewa. Halafu akapanda juu ya tela akaishika kamba kwenye ncha ya kulabu ya kushoto, Ngeleja akaivuta mpaka kulabu ya kulia. Fundo liliishia katikati ya paa, mbali kabisa na upande wa pili.

"Ukipita na hiki, mwenzako anayekuja apite wapi?" bibi aliuliza. "Na anayetembea kwa miguu?"

Ngeleja alisema wangeweza kukata upenu na kung'oa kulabu, wakaajiri mtu wa kutangulia mbele na bendera. Bibi Mokami alisema mzigo usiogawanyika hutafutiwa kibali na kusindikizwa, lakini hili ni bucha la mbao, na mbao zina misumari. Akamuuliza Simioni kwa nini hakulifungua tangu kule.

Magari yalikuwa yamepunguza mwendo kuangalia, na baadhi ya abiria walikuwa wachimbaji wanaohamia Busawe, wateja wake wa kila jioni. Simioni aliwatazama wale watu, akaitazama sakafu. Kisha akaomba nyundo.

Alianza na paa, akaja kwenye kuta, akaacha sakafu mwisho. Ubao wa kwanza ulipoinuka, uvundo ulitoka na kusambaa mpaka watu waliokuwa ng'ambo ya barabara wakaziba pua. Chini ya mbao za juu, katika ule uwazi, kulikuwa na tope jeusi linalong'aa, na ndani ya tope funza walikuwa wanachemka. Panya mmoja alikurupuka, akawaacha watoto wake wekundu, wasio na manyoya, wakigaagaa juu ya tela. Mchimbaji mmoja aliangalia kwa muda, halafu akaenda nyuma ya gari akasikika anatapika. Mwingine aliuliza kwa sauti ndogo, bila kumuuliza mtu yeyote, kama ile nyama ya juzi ilikatiwa juu ya hayo.

Boke alisogea kusaidia. Baba yake alimzuia kwa mkono. Alizibeba zile mbao mwenyewe, moja moja, matope yakimchuruzikia kifuani, akazipeleka mbali na barabara, akachimba shimo, akazichoma humo. Hakujifuta uso. Moshi ulikuwa mzito na ulimfuata kila alipohamia, na hakuna aliyemwonea huruma, hata Boke, ingawa alijaribu.

Kuta na mabati vilipolazwa na kufungwa vilienea ndani ya tela bila kuzidi hata kiganja. Bibi Mokami alichana pindo la shuka lake, jekundu la kuonekana tangu kilimani, akampa Boke afunge nyuma, maana mbao zilikuwa zimetokeza kidogo. Ngeleja aliendesha taratibu upande wake wa mstari. Gari lililokuja nyuma alilipisha kwa kusogea na kusimama, na waliokuwa kwa miguu waliendelea kutembea wima.

Ilipita miezi kadhaa kabla Simioni hajapata tena mteja wa kumwamini. Bucha jipya la Busawe lilikuwa dogo. Nyama ilining'inia ndani, nyuma ya wavu, na sakafu yake ilitengenezwa kwa vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuvinyanyua. Kila jioni vilinyanyuliwa, vikasuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, vikaanikwa nje mahali wateja wanapoviona.

Asubuhi moja alikuja Specioza. Kovu lilikuwa limepita mkononi mwake toka kiwiko mpaka karibu na kidole gumba. Tangu siku ile alikuwa ananunua matumbo kwa mtu mwingine. Hakusalimia kwa utani wake wa zamani. Alisema anataka kuona sakafu.

Simioni alinyanyua kipande cha kwanza, akanyanyua cha pili. Specioza aliinama akachungulia, akanusa, akainuka.

"Boke mwanangu, njoo usikie, na baba yako asikie," alisema. "Barabara haina mwenyewe mmoja. Nusu hii ni yako, ile nyingine ni ya mtu usiyemjua ambaye yuko njiani anakuja, na ile ya pembeni kabisa ni ya mtu kama mimi. Ukibeba mzigo, upime pale ulipo mpana kuliko kote, siyo pale panapokufurahisha. Ukizidi, punguza, au tafuta wa kukusindikiza. Na ukimwangusha mtu, unasimama. Kwa ng'ombe mlisimama."

"Tulisimama, mama," alisema Simioni.

"Haikuwa haraka iliyonitupa mtaroni, Simioni. Ni sakafu yako. Hukutaka watu waione, ukaona bora wapishe njia."

Simioni alisema ni kweli. Alisema hivyo tu, kisha akachukua kisu na kumpimia matumbo, akayaosha mara mbili mbele yake. Specioza aliyapokea, akayatazama upande huu na upande ule, na alipofika mlangoni akamuuliza Boke kama bado hajapata mchimbaji mwenye bahati. Boke alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake kabla ya shule, Boke alisimama nje ya bucha, ufagio mkononi, akavuta pumzi ndefu kwa mazoea, akaingia. Alifagia mpaka katikati kabla hajakumbuka kwamba bado ameibana pumzi. Akaiachia. Palinuka nyama mbichi na sabuni, basi, akaendelea kufagia.